Msusi ndiye anayeona kwanza

Ukitaka kujua nani anapigwa katika jumuiya yetu ya Waswahili hapa mashariki mwa London, usianze na imamu wala mchungaji. Anza na msusi. Yeye ndiye anayegawa nywele kwa chanuo na kukuta mahali palipong'olewa, ngozi iko wazi inang'aa, au kidonda nyuma ya sikio kimeanza kukauka. Mteja atasema alijigonga kwenye mlango wa kabati. Msusi habishi. Anaendelea na kazi. Rasta ndogondogo ni shughuli ya nusu siku, na mtu akikaa nusu siku kichwa chake kikiwa mikononi mwa mwanamke mwenzake, ipo saa ataongea.

Kikundi chetu cha kusaidia wanawake wanaopigwa na waume zao kilianzia hapo, katika saluni ndogo karibu na kituo cha treni cha Barking. Hatukuwa wanaharakati, wala neno hilo tulikuwa hatulitumii. Tulikuwa wabeba boksi kama wabeba boksi wengine: kulea wazee wa Kizungu usiku, kusafisha maofisi alfajiri, na mwisho wa mwezi kucheza mchezo wetu wa pesa. Ule mchezo ndio uliotupa kisingizio. Mume hahoji mkewe akisema anakwenda kusuka na kupokea zamu yake ya mchezo. Angesema anakwenda kwenye mkutano wa haki za wanawake, angeulizwa hadi jina la dereva wa basi.

Nilidhani kazi itakuwa kuwapa wenzetu moyo wa kuondoka. Moyo wanao. Kilichowafunga ni makaratasi, na hilo lilinichukua muda kulielewa kwa sababu mimi nilikuja na visa yangu mwenyewe.

Nimtaje dada mmoja wa Morogoro, bila jina. Alikuja kwa visa ya mke. Mumewe, ambaye tayari alikuwa na uraia, hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na sentensi moja tu aliyoirudia kila akikasirika: "Nikipiga simu moja, unarudi na begi lile lile ulilokuja nalo." Pasipoti aliifungia. Simu aliilipia yeye. Tangu Julai 2012 mwenye visa ya namna hiyo hutakiwa kukaa kwenye ndoa miaka 5 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Kabla ya hapo ilikuwa miaka 2. Miaka 5 ni mingi kwa mtu anayelala na funguo za chumba chini ya mto wa mwenzake. Na kwenye visa hiyo kuna masharti kwamba hana ruhusa ya kugusa fedha za umma, yaani posho zote za serikali, pamoja na msaada wa kodi ya nyumba.

Watu wa nje hawaoni uzito wa sharti hilo mpaka wapige simu kutafuta nafasi katika nyumba ya hifadhi. Tulipiga. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya upole, ikauliza umri, watoto, kama yuko salama kuongea, halafu ikauliza hali ya visa. Tulipojibu, upole uliendelea lakini nafasi ikaisha. Sababu ni ya kihesabu: nyumba nyingi za hifadhi hujiendesha kwa ile posho ya kodi anayoipata mwanamke aliyehifadhiwa. Asiye na haki ya posho ni kitanda kisicholipiwa. Kwa hiyo mwanamke mweusi mwenye mguu wa kuteguka anabaki nje, na hakuna aliyemtukana wala kumfukuza.

Akiwa na watoto kuna mlango mwingine. Sheria ya Watoto ya 1989, kifungu cha 17, inaibana kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, imsaidie mtoto mwenye shida, na mtoto hukaa na mama yake. Lakini usidhani utaambiwa. Nimekaa kwenye dawati la kaunsili moja nikisikia mama akielezwa kwamba watoto wanaweza kuchukuliwa wakatunzwa, na yeye akatiwe tiketi ya kurudi kwao. Mama yule akaanza kukusanya makoti ya wanawe ili waondoke, maana alielewa kwamba hapo ndipo wananyang'anywa. Tukamshika mkono, tukamwomba afisa aandike maneno yake kwenye karatasi na kuweka sahihi. Hakuandika. Aliingia ndani, akarudi na mtu mwingine, na mazungumzo yakawa mengine kabisa. Tangu siku ile hatumwachi mtu aende ofisi yoyote peke yake. Anayemsindikiza hana haja ya kujua sheria sana. Anakaa, anatoa daftari, anauliza jina la anayeongea, anaandika saa. Daftari limetufaa kuliko mabango yote tuliyowahi kubeba.

Habari ya kwamba kuna njia ya kutoka kwenye lile sharti la visa niliipata Southall, upande wa pili wa jiji, kwa mtu ambaye sikumtarajia. Tulialikwa kwenye kikao cha vikundi vya wanawake wa Kiasia, Kiafrika na Kikaribi. Nimekaa nyuma na koti langu, mama wa Kihindi mwenye sari na sweta la sufu akanigeukia: "Wewe toka wapi, mama? Mimi toka Kisumu." Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani cha zamani, kimekosa ngeli lakini hakijakosa kitu kingine. Southall imejaa watu wa namna yake, Wapunjabi na Wagujarati waliotoka Kenya na Tanganyika, na Uganda baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972. Tukaongea kuhusu samaki wa Ziwa Victoria kabla ya kuongea lolote la maana.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba haya tunayoyavumbua saluni yana umri mkubwa kuliko sisi. Mwaka 1979 gazeti la The Guardian lilifichua kwamba maafisa wa uhamiaji uwanja wa Heathrow walimfanyia mwalimu wa Kihindi, aliyekuja kuolewa, uchunguzi wa ubikira. Wanawake wa OWAAD, muungano wa wanawake wa Kiafrika na Kiasia ulioanza 1978, wakaenda kuandamana hapo hapo uwanjani. Mwaka huo huo wa 1979 ndipo ilipoanzishwa Southall Black Sisters, kikundi cha kutetea wanawake. Waasia, Waafrika na Wakaribi walikaa chini ya jina moja la weusi kwa sababu askari na maafisa hawakuwa wakiwatenganisha. Hao ndio waliompigania Kiranjit Ahluwalia, mwanamke wa Punjabi aliyepigwa na mumewe kwa miaka 10, kisha 1989 akamchoma moto usiku. Alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji. Mwaka 1992 hukumu ikatenguliwa, akatoka, na mahakama za Uingereza zikaanza kumtazama kwa jicho jingine mwanamke aliyeteswa muda mrefu.

Na hao hao ndio waliosukuma kanuni za uhamiaji. Mwaka 2002 iliingizwa kanuni kwamba mwenye visa ya mwenza, ndoa ikivunjika kwa ukatili, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake mwenyewe. Miaka 10 mingine ilipita kabla mtu hajajibu swali la wazi: atakula nini akisubiri? Aprili 2012 ukaja utaratibu wa kumpa miezi 3 yenye ruhusa ya posho, apate pa kukaa huku akiandaa ombi lake. Ada ya ombi ni maelfu ya pauni, ila fukara anaweza kuomba asamehewe. Dada wa Morogoro alikuwa na haki hiyo siku zote alizotishiwa begi. Mumewe huenda aliijua. Sisi hatukuijua, na katika vikundi vyetu vya WhatsApp, ambamo bei ya mizigo ya Dar inajulikana kwa kilo, haikuwahi kupita hata mara moja.

Hapa niseme jambo ambalo wenzangu wengi wanalipuuza. Nchi hii, tangu sheria ya 1999, ni kosa la jinai kutoa ushauri wa uhamiaji bila usajili. Tunao "mawakili" wetu wa mtaani, kila mtu anawajua, wanaojaza fomu kwenye meza ya jikoni na kuchukua pauni mia tano. Wamewaharibia watu kesi. Wapo walioshauriwa wajilipue, yaani waombe ukimbizi na hadithi ya kubuni, wakati walikuwa na haki ya kweli waliyoweza kuithibitisha. Kikundi chetu hakijazi fomu ya mtu. Tunajua fomu ipo, tunajua iko wapi, tunampeleka kwa wakili aliyesajiliwa, tunalipa nauli na tunashika mtoto nje.

Kazi yetu ni ushahidi. Picha ya pasipoti ihifadhiwe kwenye simu ya shoga, si yake. Barua ya daktari wa mtaa. Ujumbe wa matusi usifutwe hata kama unatia kinyaa. Michubuko kwenye ngozi yetu haijitokezi kama inavyojitokeza kwa Mzungu, na nimeona askari kijana akimmulika mwanamke tochi shingoni na kusema haoni kitu. Kwa hiyo picha tunapiga dirishani mchana, bila mwanga wa simu, na tunarudia kesho yake na kesho kutwa. Siku hizi kuna jipya pia. Zile kadi za ukaazi zilikoma mwisho wa 2024, hali ya mtu sasa iko kwenye akaunti ya mtandaoni, na akaunti nyingi zilifunguliwa na waume, kwa barua pepe ya mume na namba ya mume. Zamani ulitafuta kadi kwenye droo. Sasa inabidi uanze kwa kubadilisha barua pepe na namba ya simu bila yeye kuona.

Jingine ni la hospitali. Wengi wetu tumelelewa na PF3: ukibakwa au ukipigwa Tanzania, kichwani unajua kwanza polisi, upewe fomu, ndipo daktari. Wakenya na P3 yao vilevile. Basi mtu anabakwa London na anakaa nyumbani kwa sababu anaogopa polisi, na anaamini bila polisi hakuna matibabu. Si kweli hapa. Kuna vituo vya The Havens, Camberwell, Paddington na Whitechapel, unahudumiwa bila kuripoti polisi, unapimwa, unapewa dawa za kuzuia VVU ambazo lazima zianze ndani ya saa 72. Vielelezo wanaweza kuvihifadhi mpaka utakapoamua. Hili nalirudia kwa kila mgeni wa saluni, anayetaka na asiyetaka kusikia.

Tatizo la polisi ni refu na siwezi kulimaliza hapa. Hackney, si mbali na sisi, Valerie Forde aliuawa Machi 2014 pamoja na bintiye ambaye hakuwa ametimiza miaka 2. Aliyewaua ni mwenza wake wa zamani, na wiki kadhaa kabla, polisi walikuwa wameambiwa kwamba ametishia kuchoma nyumba wakiwa ndani. Waliandika kuwa ni tishio dhidi ya mali. Kutokana na kifo hicho wanawake wa Hackney walianzisha Sistah Space mwaka 2015, wakadai sheria ya kuwafundisha polisi jinsi ya kumhudumia mwanamke mweusi. Saini zikapita laki moja na Bunge likaujadili ombi hilo Machi 2022. Sheria yenyewe haikupita. Halafu Juni 2020, dada wawili, Bibaa Henry na Nicole Smallman, waliuawa kwenye bustani Wembley. Aliyekuta miili yao ni mpenzi wa Nicole, baada ya ndugu na marafiki kutafuta wenyewe. Askari wawili waliowekwa kulinda eneo wakapiga picha za maiti na kuzisambaza kwa wenzao. Walifungwa mwishoni mwa 2021. Mama yao, Mina Smallman, mchungaji, amesema wazi kwamba wanawe hawakuliliwa na taifa kama walivyoliliwa wengine.

Tulichochukua kwa Valerie Forde ni hiki: ukienda kuripoti, mwambie askari akusomee alichoandika. Umesema ataniua, iandikwe ataniua. Usiondoke bila namba ya kesi. Na ukipiga 999, namba ya dharura ya hapa, kwa simu ya mkononi ukashindwa kusema, bonyeza 55 ukiambiwa, wasikukatie wakidhani umepiga kwa bahati mbaya.

Nyumbani kwetu wenyewe ndiko nilikochoka zaidi. Jumuiya yetu mtu akifa, kufikia asubuhi maelfu ya pauni yameshachangwa na maiti inapanda ndege kwenda kuzikwa Tanga. Nililisema hilo kwenye kikao cha chama cha jumuiya yetu: aliyekufa tunampandisha ndege, aliye hai tunamwambia avumilie. Mzee mmoja, mtu mwema, aliyenipokea mimi mwenyewe nilipofika nchi hii, akanijibu taratibu, "Mwanangu, mambo ya chumbani hayapelekwi polisi. Tutamwita mwenzake tukae tuongee." Mama wa Kitanga aliyekuwa akigawa chai akaweka birika chini. "Shikamoo mzee wangu," akasema. "Mara ya mwisho mlimwita, mkampa na soda. Mkewe alikuja kwangu usiku ule mdomo umepasuka. Safari hii mtampa nini, pilau?"

Wanaume wawili walicheka, wakaacha. Mzee aliomba mjadala uahirishwe. Baada ya miezi kadhaa chama kilikubali kutenga mfuko mdogo wa dharura, kwa masharti kwamba majina ya wanaosaidiwa yasitajwe kikaoni. Sharti hilo waliliweka kwa ajili ya aibu yao, lakini lilitufaa sisi kwa ajili ya usalama, tukalipokea bila kuuliza.

Kuna na simu za nyumbani. Mama mzazi kijijini anampigia bintiye, "Vumilia mwanangu, wenzako wanaililia hiyo nafasi." Usimlaumu upesi, bati la nyumba yake limeezekwa kwa pesa ya mkwe, na mdogo mtu analipiwa ada na mkwe huyo huyo. Sasa mmoja wetu, mtu mzima, humpigia mama mwenyewe. Hatumwambii kwamba ndoa imekwisha. Tunamwambia mwanao alilazwa, tunataja hospitali na siku. Mara nyingi kimya kinachofuata ni kirefu, halafu anauliza, "Na watoto wako kwa nani?" Hapo tunajua amehamia upande wetu.

Wengine hurudi kwa waume zao. Walioanza kazi hii karibuni huumia sana na hilo, wanaona wamesalitiwa. Mimi namwachia mtu zamu yake kwenye mchezo na kiti chake saluni, basi. Dada wa Morogoro hakurudi. Alipata ile miezi 3, akapelekwa nyumba ya hifadhi mji mwingine, baadaye akapata ukaazi. Hatuwasiliani, kwa sababu mumewe bado anakuja kwenye harusi zetu na kuuliza habari kwa tabasamu.

Yapo yaliyosogea. Ule ujanja wa kumpeleka mke Dar "likizo" kisha kurudi London na pasipoti yake umepata dawa kidogo: mwaka 2024 kanuni ziliongezwa ili mwenye visa ya mwenza aliyetelekezwa nje aweze kuomba kuingia kutoka hukohuko. Lakini Uingereza iliporidhia Mkataba wa Istanbul wa kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, mwaka 2022, ilikiweka kando kifungu cha 59, kile kinachohusu ukaazi wa wahamiaji walioteswa. Na Southall Black Sisters pamoja na Liberty, shirika la haki za binadamu, walipolalamika rasmi Desemba 2018 kwamba polisi hupeleka habari za waathirika kwa idara ya uhamiaji, wakaguzi wa polisi walikubali mwaka 2020 kwamba jambo hilo linawadhuru wanawake. Walishauri lisimamishwe kwa muda. Serikali ilijibu mwaka uliofuata kwamba haitaweka ukuta wa kuzuia habari hizo zisipite.

Kwa hiyo dada asiye na visa akiniuliza chini ya kikaushia nywele kama apige simu polisi, nampa jibu ambalo silipendi. Uhai ukiwa hatarini piga, piga sasa hivi. Kama una nafasi ya kupumua, ujue unachowaambia wao kinaweza kufika uhamiaji, kwa hiyo Jumatatu asubuhi tunakwenda kwanza kwa wakili. Nauli iko kwenye mfuko. Mtoto tutamshika sisi.